Mmoja hadi Kufa: Niliyojifunza Kwale kuhusu Ndoa ya Maisha

Anayeuliza kama binadamu ameumbwa aishi na mwenzi mmoja hadi kufa huwa na lake moyoni. Bibi harusi huniuliza usiku wa kuamkia nikahi, hina haijakauka mkononi. Mume wa miaka kumi na mitano huniuliza kwa sauti ya chini, akitazama pembeni. Nilifundisha baiolojia katika shule za sekondari za Kwale hadi nilipostaafu, na tangu hapo jamaa na majirani hapa Msambweni huniita nikae na wari wao au nisaidie kupatanisha wanandoa. Nilizaliwa katika nyumba ya wake wawili, nimeachika mara moja, nami na mume wangu wa sasa tumeishi mpaka mvi zetu zimelingana. Wewe unayesoma unataka ndoa ya kudumu, hilo silitilii shaka. Haya ndiyo niliyonayo.

1. Usimwite mnyama akutolee ushahidi

Tulikuwa tukiwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili mbuga ya Shimba Hills, na safari moja imenikaa akilini kuliko zote. Asubuhi tuliwaona palahala. Shimba ndipo mahali pekee nchini Kenya wanapoishi porini. Dume alisimama peke yake kwenye nyasi, mweusi anayeng'aa, pembe zimepinda kuelekea mgongoni, na kundi la majike wa rangi ya kahawia likapita na ndama wao katika eneo analolilinda. Wavulana wa viti vya nyuma walishangilia. "Mwalimu, maumbile hayo! Mume mmoja, wake tele!"

Adhuhuri tulikula chini ya miti mikubwa, na askari wa wanyamapori akatuonyesha tundu juu kwenye shina, limezibwa kwa udongo, umebaki ufa tu wa kupitisha mdomo. Ndani alikuwemo hondohondo jike na mayai yake. Dume alitua na koo limejaa kuyu, akalitoa moja, akampa kupitia ule ufa, kisha la pili, kisha la tatu. Jike hujifungia humo wiki nyingi, na uhai wake na wa makinda humtegemea huyo mmoja. Sasa ikawa zamu ya wasichana kushangilia.

Kilichonishangaza, tukiwa njiani kurudi, ni kuwa hakuna aliyebadili mawazo. Kila mmoja alikuwa amemchagua mnyama aliyekubaliana naye, wa mwenzake hakumwona. Siku iliyofuata niliwaandikia ubaoni hesabu yote. Kati ya wanyama wanaonyonyesha, wanaoishi wawili wawili hawafiki hata aina moja katika kila kumi. Kwa ndege ni karibu tisa katika kila kumi. Lakini wanasayansi walipoanza kupima vinasaba vya makinda, mwishoni mwa karne iliyopita, walikuta viota vingi vya wale "waaminifu" vina kinda wa baba mwingine. Mbega wetu wa Diani, wanaovuka barabara kwa madaraja ya kamba juu ya magari, aghlabu huishi dume mmoja na majike kadhaa. Digidigi wa vichaka vya Tsavo hukaa na mwenzi mmoja, na vipimo vimemthibitishia uaminifu wake. Ila tazama anavyouhifadhi: dume humfuata jike kila aendako, na jike akiacha kinyesi au harufu mahali, dume huparua mchanga na kuifunika kwa ya kwake, ili mwingine asijue kama jike yupo. Huo ni ulinzi. Ahadi ni kitu kingine, na digidigi hana.

Na sisi? Gorila dume ana uzito wa karibu mara mbili ya jike, naye humiliki majike kadhaa. Sokwe jike hupandwa na madume wengi. Mwanamume humzidi mwanamke kimo na uzito kidogo tu, na mtoto wa binadamu hulelewa miaka mingi kabla hajajitegemea, miaka ambayo mama peke yake hawezi kuimudu. Ukinishurutisha nijibu kama mwalimu wa baiolojia, nitasema mwili wetu umesimama kati ya palahala na hondohondo. Tunashikamana na mtu mmoja kwa nguvu inayoweza kutuua kwa huzuni akiondoka, na macho yetu bado yanaona wengine. Vyote viwili ni maumbile. Kwa hiyo ukisikia mtu anatetea alichokwisha kutenda kwa neno "maumbile", muulize mbona ameacha nusu ya pili.

2. Kuruhusiwa ni jambo moja, kuweza ni jambo jingine

Baba alikuwa mvuvi. Mama yangu alikuwa mke wa pili, na nyumba mbili za makuti zilitazamana kwenye ua mmoja, kisima katikati. Zamu ilikuwa ya siku mbili mbili. Jioni ya kubadilisha zamu baba alivuka ua na tochi yake, kikoi begani, na hakuna mtoto aliyethubutu kumwita arudi upande huu. Akileta changu mkubwa, alikatwa kisimani mbele ya wake wote wawili. Kichwa leo kilikwenda nyumba hii, kesho ile. Mama mkubwa alikuwa na kumbukumbu kali ya vichwa vya samaki. Nilipokuwa mdogo nilifikiri ni uchoyo. Nimekuja kuelewa kuwa ndiyo njia aliyokuwa nayo ya kupima kama bado ni mke.

Baba alikuwa mtu mwadilifu, na uadilifu huo ulimchosha. Dini yetu iliyoruhusu hadi wanne imeweka sharti la haki katika Sura ya An-Nisaa, na sura hiyo hiyo inakiri kuwa kuwapenda sawa hatuwezi hata tukijitahidi. Baba alizijua aya zote mbili. Nilimsikia akimwambia kaka yake barazani kwamba samaki unaweza kumkata nusu kwa nusu, lakini usiku wa homa ya mtoto wa nyumba ile katika zamu ya nyumba hii haukatiki.

Vijana wengi hudhani mababu zetu wote walikuwa na wake watatu. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya jamii za duniani zilizoandikwa na wataalamu wa mila, zaidi ya nane katika kila kumi, ziliruhusu mitala. Lakini katika jamii hizo hizo wanaume wengi walikuwa na mke mmoja, kwa sababu wasichana na wavulana huzaliwa karibu sawa kwa idadi, na mali ya kulisha nyumba mbili ilikuwa kwa wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2014 ulikuta wanawake takriban 11 katika kila 100 walioolewa nchini Kenya wana mke mwenza. Mitala imekuwepo kwetu siku zote, na siku zote wengi wameishi wawili.

Baba alipofariki nilitarajia ua ule ugawanyike. Mama alikuwa na ndugu zake Gazi, angeweza kuhamia kwao. Hakuhama. Yeye na mama mkubwa walibomoa jiko moja, wakapika pamoja, wakalala nyumba moja, na mama mkubwa alipopooza, mama ndiye aliyemgeuza kitandani na kumuogesha mpaka siku ya mwisho. Kwa hiyo katika nyumba niliyozaliwa, walioishi pamoja hadi mmoja akafa walikuwa wake wenza. Simwambii msichana yeyote aingie uke-wenza kwa kutumaini hilo, maana nimeona nyua nyingine ambako chuki ilirithiwa na wajukuu. Nalieleza kwa sababu ndipo nilipoanza kufikiri kwamba binadamu anaweza kabisa kushikamana na mmoja maisha yote, ila huyo mmoja si lazima awe yule tuliyemtarajia.

3. Kabla hujauliza ndoa itadumu vipi, uliza ikivunjika utalala wapi

Nilipoachwa na mume wangu wa kwanza nilirudi Msambweni na sanduku moja na mtoto mgongoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu. Mjomba alikuwa amekaa chini ya mwembe akishona wavu. Aliniangalia, akaniuliza kama mtoto amekula, kisha akamwita mwanawe akamwambia kesho wakakate miti ya kujengea chumba cha dada yao. Hakuna aliyelia. Eda yangu niliimaliza katika chumba kilichonukia makuti mabichi, na mwaka uliofuata nikarudi chuo cha ualimu, mtoto akabaki na shangazi zangu.

Miaka mingi baadaye, nikisoma juu ya watu wetu, ndipo nilipofahamu kilichoniokoa. Wadigo wa asili walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtu alirithiwa na watoto wa dada yake, si wa kwake mwenyewe. Mwanamke aliyeolewa hakuondoka moja kwa moja katika ukoo wake. Nafasi yake kwa mjomba na kwa kaka zake ilikuwa inamngoja. Ndoa zilivunjika kwa wingi, hata watafiti waliofika Kwale wamelitaja jambo hilo, na mwanamke aliyeachika aliolewa tena bila kuhesabiwa mbovu. Ule uhusiano wa kudumu hadi kaburini ulikuwepo, lakini ulikuwa wa kaka na dada. Mume alikuja, na pengine aliondoka.

Ukilielewa hilo, swali letu linageuka sura. Tunauliza kama ni maumbile ya binadamu kudumu katika ndoa, kumbe jamii nzima iliweza kuishi karne nyingi ikiweka udumuji wake mahali pengine.

Kisha mambo yakabadilika. Uislamu ulipoenea kwetu, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, ulikuja na mirathi ya baba kwa watoto wake, wa kike wakiwemo. Mpwa na mwana walivutana juu ya minazi ya marehemu kwa vizazi viwili vitatu. Ardhi nayo ikapimwa, zikatoka hatimiliki, na hati huandikwa jina la mtu, mara nyingi mwanamume mmoja. Shamba la ukoo likawa ploti ya fulani. Ploti za karibu na ufuo wa Diani zikauzwa, na pamoja nazo ukaenda ule mwembe ambao mjomba angekaa chini yake.

Leo nakaa na wasichana wanaoolewa katika nyumba za kupanga Ukunda. Mjomba yuko Mombasa katika chumba kimoja na watoto wake wanne. Kaka ana hati lakini ana mke asiyemtaka wifi. Msichana huyo tunamwambia avumilie, ndoa ni ya maisha. Hatumwambii kuwa tumeongeza mzigo juu ya ndoa na kuondoa nguzo zilizoisaidia kuubeba. Sisemi zamani ilikuwa pepo. Wanaume wa enzi ile waliacha wake kwa wepesi kwa sababu walijua kuna atakayewalisha watoto, na mtoto wangu mwenyewe alikua akimjua baba yake kwa sikukuu tu. Lakini msichana mwenye pa kurudi hukaa katika ndoa kwa kupenda, na nimeona waume wakimtendea tofauti. Wakati wa posa, kabla ya kuuliza mahari ni kiasi gani, mimi huuliza ni nani wa upande wa bibi harusi atakayempokea usiku wa manane bila kumuuliza amekosa nini. Atajwe kwa jina, na awe amekaa hapo hapo mkekani akisikia.

4. Jua ni ndoa gani unayoingia

Hili ni fupi, lakini nimeona machozi mengi kwa sababu yake. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za namna tano. Ya Kikristo, ya Kihindu na ya kiserikali ni za mke mmoja. Ya kimila na ya Kiislamu huhesabiwa kuwa za wake wengi au zinazoweza kuwa hivyo, hata kama leo mko wawili tu. Mswada wa sheria hiyo ulipojadiliwa, wabunge wanaume waliondoa kipengele cha mke wa kwanza kushauriwa, na wabunge wanawake wakatoka nje ya ukumbi kwa hasira. Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi Aprili mwaka huo. Walioolewa kimila wanaweza kuibadilisha ndoa yao iwe ya mke mmoja, wote wawili wakitangaza kwa hiari yao. Na Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inailinda mali iliyochumwa na mume na mke wa kwanza kabla ya wa pili kuingia, ingawa Mwislamu anaweza kuchagua kufuata sheria ya dini yake katika jambo hilo.

Nimekaa na mwanamke msomi, mwenye kazi nzuri, aliyeishi miaka ishirini akiamini kwamba kwa kuwa mumewe hakuwahi kutaja mke wa pili, basi ndoa yake ni ya mmoja. Hakuna aliyemdanganya. Hawakuwahi kuzungumza. Kabla ya nikahi ulizeni, kwa maneno, si kwa kudhania.

5. Umbali na fedha huvunja kuliko tamaa

Nilipoanza kupatanisha wanandoa nilitarajia kusikia habari za tamaa. Nilizisikia chache. Nyingi zilikuwa habari za kodi, karo na masafa.

Agosti 1997, fujo za Likoni zilipowafukuza watalii, hoteli za Diani ziliachisha kazi watu wengi, na vijana waliokuwa na mshahara wakashuka ufuoni kutafuta riziki kwa njia nyingine. Baadhi walipata wapenzi wa Kizungu waliowazidi umri kwa mbali. Mke mmoja wa Ukunda alinieleza jinsi alivyopika wali wa nazi kwa ajili ya mgeni wa mumewe kutoka Ulaya, akitambulishwa kama dada. Alipakua, akamwekea mgeni kipande kikubwa cha kuku, akaenda kukaa jikoni na watoto waliokatazwa kusema "baba". Nilimuuliza alijisikiaje. Akasema aliwaza kama pesa zitatosha kuezeka bati. Mume huyo hakumpenda yule mgeni, na mke hakumwonea wivu. Ndoa yao ilikufa hata hivyo, kwa sababu baada ya chakula kile hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake.

Siku hizi mwendo umegeuka. Wanaoondoka ni wake, wanakwenda Saudia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili, kisha miwili tena. Mume hubaki na watoto na simu. Nimewaona waliovuka salama, na wote walikuwa na desturi ndogo isiyovunjwa. Wanandoa wa kijiji cha jirani walikuwa wakila pamoja kila Ijumaa, mke na sahani yake Riyadh baada ya kazi, mume na yake hapa, simu imeegemezwa kwenye birika, wala hawakuwa na mengi ya kusemezana.

Ukiwa na malengo makubwa, na najua unayo, utapata siku moja nafasi itakayowaweka mbali. Sikwambii uikatae. Hesabu tu gharama yake kwa ndoa pamoja na ile ya nauli, kabla hujasaini.

6. Ahadi ya maisha hutolewa zaidi ya mara moja

Mume wangu wa pili nilimpenda kwa sababu alikuwa mchangamfu. Alikuwa fundi wa mitambo, mikono yake ikinuka grisi, na jioni aliimba akichota maji. Kiwanda alichofanyia kazi kilipofungwa, uimbaji ulikoma. Kwa muda mrefu nililala na mtu aliyenijibu kwa neno moja. Mshahara wangu ndio uliolisha nyumba, na kila nilipoweka pesa mezani aliondoka chumbani.

Wakati huo hakuna kitu mwilini mwangu kilichonishurutisha kubaki. Nilikuwa na chumba cha mjomba, kazi, na mtu mwingine aliyekuwa tayari kunioa. Nilikaa nikafikiri sawasawa, nikaamua kumchagua mtu huyu mnyamavu aliyekuwa amekaa ndani ya nyumba yangu, kwa sababu yule mchangamfu niliyefunga naye nikahi hakuwepo tena wa kuchaguliwa. Nilimwambia hivyo kwa maneno. Alinyamaza siku nzima. Usiku aliniuliza kama shamba la Kikoneni linaweza kustahimili michungwa.

Michungwa ilistahimili. Uimbaji haukurudi, nami nimeacha kuungoja. Nimempenda mtu wa pili katika ngozi ile ile, na nadhani yeye pia amefanya hivyo, maana niliporudi kutoka hospitali ya Msambweni baada ya kupasuliwa sikuwa mke aliyemuoa. Kwa hiyo bibi harusi akiniuliza usiku ule kama tumeumbiwa mmoja, namjibu kwamba tumeumbiwa uwezo huo, na kwamba baadhi ya watu wema kabisa hawatafika, nami nikiwemo kwa mara ya kwanza. Aliyeachika simwiti aliyeshindwa.

Mjukuu wangu amechumbiwa na kijana wa Tiwi. Walinijia wiki iliyopita, wakakaa barazani mpaka magharibi, nami nikawauliza yale ninayowauliza wengine. Waliafikiana ploti yao iandikwe majina mawili. Waliafikiana kwamba hakuna atakayesaini mkataba wa nje bila mwenzake kuusoma. Nikamuuliza kijana: siku ukitaka mke wa pili, utamwambia huyu kabla ya kupeleka posa, au atasikia kwa watu?

"Nyanya, hilo naomba nikalifikirie."

Nilimwambia akalifikirie kwa nafasi. Walitaka nikahi iwe Mfungo Mosi. Tarehe hatujaipanga.